Kabla hujapanda ndege kwenda kumshauri mjumbe wa nchi

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyewahi kumfundisha kutambua mbu kwa darubini alinipigia simu. Ameteuliwa kuingia kwenye msafara wa nchi unaokwenda mkutano wa kimataifa wa bayoanuai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, yeye akiwa mtaalamu wa kushauri wajumbe. "Dokta, nibebe nini?" aliniuliza. Alikuwa kwenye daladala, kelele nyingi, nikamjibu kwa ufupi. Lakini swali lake halijanitoka. Haya ndiyo ningemwambia kama tungekuwa tumekaa barazani bila haraka.

Nianze na kosa langu. Julai 2018 nilikuwa Montreal, kwenye kikao cha chombo kinachoushauri Mkataba wa Bayoanuai kuhusu sayansi na teknolojia. Mjadala ulikuwa juu ya msukumo wa vinasaba. Kwa kawaida kinasaba cha mzazi mmoja hurithiwa na takriban nusu ya watoto wake. Kikitengenezewa msukumo, hurithiwa na karibu wote, kwa hiyo husambaa kizazi hadi kizazi hata kama kinamdhoofisha mbu mwenyewe. Miezi michache baada ya kikao kile, watafiti wa Imperial College London walichapisha matokeo yao: ndani ya vizimba, mbu wa Anopheles gambiae waliisha wote kati ya vizazi 7 na 11. Hao ni miongoni mwa mbu wakuu wanaotuletea malaria.

Mjumbe wetu, mwanadiplomasia mzoefu, aliniinamia akanong'ona: "Ina madhara kwa mazingira?" Nikamjibu: "Hakuna ushahidi wa madhara." Akawasha kipaza sauti, akasema haina madhara. Mjumbe wa nchi nyingine akauliza, kwa adabu kabisa, ni utafiti gani wa nje ya maabara ulioonyesha hivyo. Haukuwepo. Hakuna mahali popote duniani ambapo mbu wa aina hiyo walikuwa wameachiwa waruke. Mjumbe wetu hakunilaumu hata kidogo. Usiku ule sikupata usingizi, maana kosa lilikuwa langu: nilimpa sentensi ambayo ikirudiwa na mtu mwingine inageuka uongo.

Nilipaswa kumwambia hivi: "Nje ya maabara haijapimwa. Hatujui bado." Maneno machache, na hata akiyafupisha yanabaki kuwa kweli. Tangu siku ile, kila sentensi ninayomwandalia mjumbe naijaribu kwanza kwa mtu asiye mwanasayansi, mara nyingi dada yangu ambaye ni mshonaji. Namsomea, kisha namwomba anieleze alichosikia. Akinirudishia kitu kingine, naiandika upya.

Kwenye suala la uhakika tunaweza kuiga jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC. Wao wameyafunga maneno kwenye namba. Wakiandika kwamba jambo lina uwezekano wa kutokea, wanamaanisha asilimia 66 au zaidi. Wakisema uwezekano mkubwa sana, ni asilimia 90 au zaidi. Sisi tuna "huenda", tuna "yamkini", tuna "inaelekea", na kila mtu ana kipimo chake moyoni. Kaa na mjumbe wako kabla ya mkutano, mkubaliane kila neno lina uzito gani. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo nusu saa yenye faida kuliko zote mtakazokaa pamoja.

Sasa niseme jambo la ndani zaidi. Nikiwa darasa la nne, mdogo wangu alifariki kwa malaria iliyompanda kichwani. Ndiyo maana nilisomea mbu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, takriban asilimia 95 kati yao Afrika, na wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Nataka sana teknolojia hii ifanye kazi. Naitaka kwa namna ambayo mjumbe wa nchi isiyo na malaria hawezi kuihisi. Na kwa sababu naitaka, lazima nijichunge. Siku hizi kwenye daftari langu nachora mstari katikati ya ukurasa: kushoto ninachokijua, kulia ninachokitamani. Mjumbe akiniuliza swali, namjibu kutoka kushoto. Akitaka maoni yangu nampa, ila namwambia wazi kwamba sasa ninayempa ni maoni.

Na useme nani anakulipa. Tafiti zangu nyingi zimefadhiliwa na wahisani wa nje. Novemba 2018, mkutano mkuu wa Mkataba huo wa Bayoanuai, uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ulipitisha utaratibu unaowataka wataalamu wa vikundi vya ushauri watangaze maslahi yao. Wewe usingoje fomu. Mwambie kiongozi wa msafara siku ya kwanza. Akija kulisikia jambo hilo kwa mtu mwingine, hata ukweli wako atautilia shaka.

Mkutano huo wa Sharm el-Sheikh ndio ulionifundisha habari ya maneno madogo. Kulikuwa na waliotaka teknolojia hii ya msukumo wa vinasaba isimamishwe kabisa, na waliotaka mlango uachwe wazi. Mwafaka uliopatikana uliziomba nchi zichukue tahadhari, na zisifikirie kuwaachia viumbe hao mpaka tathmini ya hatari imefanywa kwa kila kisa peke yake, hatua za kudhibiti madhara zipo, na, inapofaa, ridhaa ya jamii zinazoweza kuguswa "imeombwa au imepatikana". Soma tena: imeombwa au imepatikana. Mimi nililiona hilo "au" nikaliacha lipite, nikidhani ni shughuli ya wanasheria.

Mwaka uliofuata nilikuwa bonde la Kilombero, Tanzania, tunatega mbu. Nilimwamkia mzee mmoja mwenye nyumba, nikamweleza mambo yanayofanyiwa utafiti duniani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mkija kuniomba nikakataa, huyo mbu mtamfungia wapi?" Sikuwa na jibu. Mwaka huohuo kulichapishwa utafiti kutoka Mali, ambako watafiti walinasa mbu wa malaria angani usiku, mita 40 hadi 290 juu ya ardhi, wakisafiri na upepo. Mbu wa namna hiyo anavuka mipaka ya vijiji vingapi kwa usiku mmoja? Kwa hiyo lile "au" lilikuwa shughuli yangu pia. Ni mwanasayansi ndiye aliyepaswa kumwambia mwanasheria kwamba hapa ridhaa ya kijiji kimoja haimtoshi mbu.

Kingine ni muda. Ukifika mkutanoni ndipo uanze kusoma, umechelewa. Sekretarieti ya Mkataba hutoa rasimu za ripoti miezi mingi kabla, zitolewe maoni. Mtafute mratibu wa Mkataba nchini mwako, omba rasimu, andika maoni yako mapema. Maoni ya kurasa mbili yaliyofika kwa wakati yana nguvu kuliko hotuba nzuri ukumbini. Desemba 2022, tena Montreal, nchi zilikubaliana kuwa na utaratibu wa kuchungulia teknolojia zinazokuja katika baiolojia sanisi, yaani ufundi wa kuunda au kubadilisha viumbe kupitia vinasaba vyao, zikaunda na kikundi cha wataalamu wa fani mbalimbali kwa kazi hiyo. Vikundi vya namna hii vinahitaji watu wanaolijua shamba na kijiji. Nafasi zikitangazwa, omba.

Kisha jiandae kwa usiku. Ukumbi mkubwa una wakalimani wa lugha sita za Umoja wa Mataifa. Vikundi vidogo, ambako maneno ndiko yanakochongwa, huendeshwa kwa Kiingereza tu, mpaka usiku, na kila neno lisiloafikiwa huwekwa kwenye mabano. Mei 2024 tulikuwa kwenye kikao kingine cha Mkataba, Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, pamekuchwa, na skrini imejaa mabano. Pembeni yangu alikaa mama mmoja kutoka Bujumbura na kaka mmoja kutoka Bukavu, wote wamesomea kwa Kifaransa. Nikaanza kuwaeleza kwa Kiswahili kila sentensi inavyobadilika. Baada ya dakika kumi yule mama akaniuliza tathmini ya "kisa kwa kisa" ina maana gani kama ziwa ni moja na nchi ni nne. Swali hilo hakuna aliyekuwa amelileta mezani. Akalisema yeye mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuungaunga, na chumba kizima kikanyamaza kumsikiliza.

Kwa hiyo kijana wangu, beba dokezo la ukurasa mmoja: juu swali ambalo mjumbe ataulizwa, katikati tunachokijua na kwa uhakika gani, chini tusichokijua. Beba na koti, kumbi zile zina baridi. Chini kabisa ya dokezo andika namba yako ya simu, na usiizime mpaka kikundi cha mwisho kifunge.