Muulize Fundi: Seva yetu imegeuka jalala

SWALI: Fundi, salaam kutoka Arua. Facebook ilipofungwa huku Uganda mwaka 2021 tulihangaika na VPN mpaka tukachoka. Mwaka jana tukaanzisha seva yetu ya Mastodon, ule mtandao wa kijamii wa seva nyingi zinazowasiliana, kila moja ikiwa na mwenyewe. Tuko watu 38 tuliosoma pamoja. Wiki iliyopita nimeamka nikakuta akaunti kama 200 nisizozijua, zote zinatangaza sarafu za mtandaoni, na seva mbili za Ulaya zimeshatukata. Mwenzangu anadai ni kwa kuwa msimbo wa Mastodon, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, kila mwizi anausoma. Tuhamie programu yenye msimbo wa siri? — Mlinda Seva, Arua

JIBU: Pole sana, Mlinda Seva, ila mwenzako anamsingizia asiyehusika. Hao hawakuvunja chochote. Walijaza fomu ya kujisajili kama mlivyoijaza nyinyi, tofauti ni kwamba yao inajazwa na roboti, akaunti 200 kabla chai haijachemka.

Nayajua haya kwa uchungu. Februari 2024 nilikuwa Busia kwenye matanga ya bibi yangu, simu haina chaji, seva yangu ya watu 11 nimeiacha usajili wazi. Kurudi Kampala, malalamiko yamejaa. Akaunti zenye majina ya herufi zilizomwagwa ovyo zilikuwa zikiwataja watu wasiojuana nazo na kuwabandikia picha ya kopo la nyama. Kopo! Ile nyama ya Marekani iitwayo Spam, ambayo ujumbe taka, kwa Kiingereza, umerithi jina lake. Nilicheka kidogo, kisha nikashika kichwa. Wimbi lile lilipitia seva ndogondogo kama yangu, zilizo wazi na hazina mtu.

Na hapo ndipo uwazi wa msimbo ulipotufaa. Kabla mwezi haujaisha watengenezaji walitoa toleo la 4.2.8: usajili ukiwa wazi na msimamizi asionekane wiki nzima, programu yenyewe inaanza kudai kibali kwa kila mgeni. Badiliko lenyewe liko hadharani, fundi yeyote analisoma mstari kwa mstari.

Ila wiki ni ndefu, wewe usingoje. Weka usajili wa kibali leo hii. Kwa kuwa mlisoma pamoja, kila anayeomba kuingia ataje jina la utani la mwalimu wenu wa hesabu. Roboti hailijui. Hizo 200 zifungie kabisa.

Kuhusu wale wa Ulaya, hakuna ofisi kuu ya kukata rufaa. Kila mwenye seva ni bwana kwake. Waandikie wasimamizi wao, mmoja mmoja, uwaambie umefuta akaunti ngapi na mlango umeufunga lini. Mimi mmoja alinifungulia baada ya siku mbili. Mwingine hajanijibu mpaka leo.

Halafu mpe mtu wa pili funguo za usimamizi, na awe mtu ambaye hamtahudhuria matanga mamoja.