Mbona Mama Anachutama na Mimi Siwezi?

*Maswali ya wasomaji kuhusu viungo, mifupa na misuli. Anajibu mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, Lamu.*

SWALI: Bi Tabibu, asalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, mzaliwa wa Langoni, ila kwa miaka 19 sasa naishi Malindi nikifanya kazi ya hesabu katika duka la jumla. Naketi kitini kutwa; kwenda na kurudi ni tuktuk. Wakati wa Maulidi nilikwenda nyumbani Lamu. Mama, mwenye miaka 74, alikuwa uani anakaanga mahamri, amechutama mbele ya jiko, nyayo zote mbili zimelala chini. Akaniambia, “Ndoo uketi, mwanangu, unipokee.” Nikashuka, visigino vikanyanyuka, nikaangukia beseni la unga. Watoto walicheka. Mimi niliumia moyoni. Niliporudi Malindi nilimuuliza mwalimu wa jimu ninakokwenda. Akasema nishukuru kwamba siwezi, kwa sababu goti likipita nyuzi 90 linasagika, na skwoti ni kushuka nusu, basi. Mama naye asema magoti yangu yameingia kutu. Kweli yanalia nikipanda ngazi, ingawa hayaumi. Nimwamini nani? Na kwa umri huu, nitaweza tena?
*Binti wa Langoni, Malindi*

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Mama yako yuko karibu na ukweli kuliko mwalimu wako, ingawa magoti yako hayana kutu. Nina hakika kilichokaza si goti kabisa, na nitakuonyesha namna ya kujipima. Lakini kwanza nikuambie kwa nini simlaumu huyo kijana wa jimu.

Nilipotoka chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 na cheti changu cha tiba ya viungo, nilirudi Lamu na onyo hilo hilo mdomoni. Mama zetu walikuja na maumivu madogo ya magoti, nami nikawaambia wote neno moja: “Usichutame tena. Keti kwenye kiti.” Mmoja alikuwa bibi wa Mkomani aliyekuwa akisuka makuti barazani. Alinitii. Baada ya miaka miwili alirudi kwangu akiwa hawezi tena kukaa tahiyatu kwenye swala, na choo cha nyumbani kwake kikawa mtihani wa kila siku. Goti lake halikuharibiwa na kuchutama. Mimi ndiye niliyemwondolea kitu alichokuwa akikifanya tangu utotoni, wala sikumpa cha kushika mahali pake. Bado namkumbuka kila ninapopita kwenye kichochoro kile.

Onyo lenyewe lilitoka mbali. Mwaka 1961 mtafiti Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, alichapisha kazi akidai kwamba wanyanyua vyuma wanaoshuka mpaka chini huwa na kano za magoti zilizolegea. Habari ikaenea kwa makocha, kwa waalimu wa michezo, mpaka kwenye vitabu tulivyosomea sisi huku. Waliokuja baadaye wakapima upya hawakuuona ulegevu ule. Ila onyo huwa na miguu mirefu kuliko sahihisho, na ndiyo maana limemfikia mwalimu wako Malindi zaidi ya miaka 60 baadaye.

Sasa tazama goti linavyofanya kazi. Unaposhuka, pia ya goti husukumwa dhidi ya mfupa wa paja, na shinikizo hupanda kadiri unavyokunja, mpaka kwenye nyuzi 90 hivi. Hapo ndipo mwalimu wako anaposimama, akidhani kwamba mbele ni kubaya zaidi. Lakini ukiendelea kushuka, ukano mnene wa misuli ya paja hulalia mfupa na kubeba sehemu ya mzigo, kisha nyuma ya paja hukutana na shavu la mguu, nalo likabeba sehemu nyingine. Ndiyo maana mama yako anatulia pale chini kama aliyeketi kigodani. Tena anayeshuka nusu huweza kupakia chuma kizito kuliko anayeshuka chote, kwa hiyo huo unaoitwa usalama wa nusu nao una gharama yake.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa goti, na ute huo huingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, mithili ya sifongo. Goti lisilokunjwa mpaka mwisho lina sehemu zisizobanwa hata mara moja kwa mwaka. Huko Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe, jamii ya wawindaji, walivalishwa vipimo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020: hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda unaolingana na wa watu wa maofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao huwa ni ya kuchutama na kupiga magoti, na misuli ya miguu haizimiki kama inavyozimika kitini.

Huo mlio unaousikia kwenye ngazi, maadamu hauna maumivu wala uvimbe, usiuhesabu kuwa ugonjwa. Magoti ya nusu ya watu wanaoshuka boti hapa gatini yanalia.

Haya, jipime. Vua viatu, simama uso kwa ukuta. Weka mguu mmoja mbele, kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, yaani upana wa kiganja hivi. Sukuma goti ligonge ukuta bila kisigino kunyanyuka. Likigonga, kifundo cha mguu wako ni kizima. Lisipogonga, hapo ndipo ulipo mlango uliofungwa. Wewe uliyekaa kitini miaka 19, tena labda na viatu vyenye kisigino, misuli ya shavu la mguu imefupika. Ukishuka haikuruhusu goti lipite mbele, uzito unabaki nyuma, nawe unakwenda kwenye beseni.

Kuufungua mlango huo kunataka subira, si nguvu. Kila asubuhi simama kwenye kidato cha ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, uachie visigino vishuke polepole chini ya kidato, ukae hapo nusu dakika, mara tatu, huku umeshika ukuta. Kisha uchutame ukiwa na msaada. Kunja mkeka mpaka ufikie unene wa vidole viwili, ukanyage kwa visigino. Shika fremu ya mlango kwa mikono miwili (fremu, si ubao wa mlango, utakuja nao). Panua miguu kiasi cha mabega, vidole vitazame nje kidogo, magoti yafuate vidole. Shuka ukitoa pumzi. Kaa hapo kwa kuhesabu mpaka 20, uinuke kwa kuvuta fremu. Mara nne au tano kwa siku zinatosha. Kila baada ya wiki mbili, punguza kunjo moja la mkeka.

Ukiona hata hilo ni gumu, tafuta mbuzi ya kukunia nazi. Keti, ukune nazi yako, kisha inuka bila kushika kitu. Kile kibao ni cha chini lakini hakikufikishi mwisho, na sijaona kifaa cha jimu kinachokishinda kwa anayeanza. Nawaambia wagonjwa wangu wasikitupe hata kama wananunua tui la pakiti.

Mvuto kwenye shavu la mguu ni sawa. Maumivu makali ndani ya goti, goti linalokwama katikati, au lililovimba kesho yake, si sawa. Hapo acha ukapimwe. Ndani ya goti kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, na kikichanika kimoja, kuchutama kabisa huweza kukibana kwa nyuma. Aliyebadilishwa nyonga asijaribu hata kidogo bila ruhusa ya daktari aliyempasua. Mjamzito aliye karibu kujifungua amuulize mkunga wake kwanza.

Kuhusu umri: miaka 46 si kitu. Niliwahi kumrudisha chini mwanamke wa miaka 63. Ilichukua miezi saba.

SWALI: Bi Tabibu, shikamoo. Mimi ni fundi wa majahazi Matondoni, umri 58. Nyinyi husema kuchutama ni afya. Mimi nimechutama maisha yangu yote nikikalafati, yaani nikiziba mianya ya mbao kwa pamba, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri chini ya ubao, na magoti yangu yamekwisha. Asubuhi siyakunjui mpaka nipate chai. Tena siku hizi nikiinuka kazini mguu wa kushoto unakufa ganzi, na ndara inanichomoka njiani bila kujua. Hiyo afya iko wapi?
*Fundi, Matondoni*

JIBU: Marahaba, fundi. Una haki ya kuuliza kwa ukali, na wewe ndiye uliyenifanya niandike kurasa hizi mwezi huu.

Kuchutama dakika 10 mbele ya jiko na kuchutama saa 5 chini ya jahazi ni vitu viwili. Huko Beijing, China, wazee waliulizwa walikuwa wakichutama saa ngapi kwa siku walipokuwa na miaka 25, kisha magoti yao yakapigwa picha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: waliokuwa wakichutama saa 3 au zaidi kila siku ndio walioonekana zaidi na magoti yaliyolika. Gegedu hushiba kwa kubanwa na kuachiwa. Likibanwa tu bila kuachiwa, linanyimwa. Hilo ndilo lililokupata, na si kosa lako; kazi ndiyo iliyokuwa na umbo hilo, na hakuna aliyekuambia uinuke.

Ila ndara ndiyo inayonitia hofu kuliko magoti. Upande wa nje wa goti, chini yake kidogo, kuna kifundo cha mfupa mwembamba wa muundi. Kipapase, utakihisi. Mshipa wa fahamu unaoinua wayo unapita juu yake, karibu kabisa na ngozi. Ukichutama muda mrefu mshipa huo unabanwa. Ugonjwa huu unajulikana kwa wachumaji wa mashambani wanaookota matunda ya chini siku nzima. Mwanzo ni ganzi juu ya wayo, kisha vidole vinaburuta, ndara inatoka. Ukiwahi kuuachia, mara nyingi unarudi wenyewe. Ukiendelea kuubana, wayo unaweza kulala moja kwa moja.

Kwa hiyo fundi, leo hii jaribu kutembea hatua 10 kwa visigino, vidole vikiwa juu. Mguu wa kushoto ukishindwa, panda boti uende hospitali wiki hii, usingoje jahazi literemshwe majini. Ukiweza, bado usichutame kazini kwa wiki sita. Tengeneza kigoda cha shubiri moja, mbao unazo. Ukifika mahali pa chini sana, piga goti moja juu ya godoro la sponji, kisha badilisha goti. Na kila unapomaliza kujaza pamba kwenye mfuo mmoja, inuka, tembea mpaka kwenye omo, mbele ya jahazi, urudi. Mwambie kijana anayekusaidia naye afanye hivyo tangu sasa. Ana miaka 20 na anadhani magoti yake ni ya chuma.

Magoti yenyewe hayajaisha, hata kama yanasema hivyo asubuhi. Ukifika hospitali omba kuelekezwa kwa mtu wa viungo. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti lililolika nalo hupungua maumivu, nimeliona hilo mara nyingi mno kukuacha ukate tamaa.

SWALI: Baba yangu ana miaka 71, anameza dawa za presha. Choo chetu ni cha kuchutama, na mara mbili ameona giza akiinuka, nusura aanguke. Kaka yangu anataka kuweka choo cha kukaa, baba hataki, asema hakimtoi vizuri.
*Msomaji, Shela*

JIBU: Baba hasemi uongo. Anayechutama hulegeza msuli unaolipinda utumbo wa mwisho, na njia hunyooka. Mtafiti mmoja Israeli aliwapima watu 28, matokeo yakachapishwa mwaka 2003: waliochutama walimaliza kwa wastani wa sekunde 51, kwenye choo kirefu cha kukaa sekunde 130. Mkiweka cha kukaa, basi mumwekee na kigoda cha miguu cha sentimita 20, magoti yapande juu ya nyonga, atapata karibu kilekile.

Lakini giza hilo lisingojee choo kibadilishwe. Anapoinuka ghafla damu huteremka miguuni, na dawa za presha huzidisha hali hiyo. Apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na daktari aione tofauti. Pengine kipimo cha dawa kinahitaji kupunguzwa. Asiache dawa mwenyewe. Ajikaze kidogo iwezekanavyo, anywe maji, ale papai na mboga. Akitaka kuinuka, kwanza apige goti moja, ahesabu mpaka 10, ndipo asimame.

Na mfungeni bomba la kushika ukutani, upande wa mkono wake wenye nguvu, urefu wa kiuno akiwa amesimama na jingine la chini afikie akiwa amechutama. Nyumba za huko ni za mawe ya matumbawe. Mwambieni fundi apitishe misumari mirefu mpaka ndani ya jiwe, asiishie kwenye lipu, kisha kaka yako alining'inie yeye kwanza kabla ya baba.