Sista, nikisoma uzamili nitarudi kutundika dripu zilezile?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, nina miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa 6 katika ICU ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Nimeolewa, tuna watoto wawili, mdogo ana miaka 3. Natamani kusoma uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi, niwe bingwa wa kitandani kwa mgonjwa, si wa darasani. Wenzangu wanasema nitakaa Dar miaka miwili kisha nirudi kutundika dripu zilezile, bora nisome afya ya jamii nipate miradi. Daktari mmoja aliniuliza mbele ya wagonjwa kama wauguzi sasa tunataka kuwa madaktari. Mume wangu hajakataa, ila ameniuliza swali ambalo sina jibu lake: ukimaliza, utakuwa unafanya nini ambacho hufanyi leo?
Muuguzi wa zamu ya usiku, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mumeo ndiye aliyeuliza la maana kuliko wote, kwa hiyo naanza na yeye, na namjibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Niliingia Muhimbili kusomea uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi nikiwa na miaka 41. Wakati huo nilikuwa nimeshakaa ICU miaka 12. Nilijua kunyonya makohozi kwenye mrija, kuisoma mashine ya kupumulia, kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, na kukaa na mama ambaye mwanawe hataamka. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa linanikosesha usingizi. Mgonjwa anaendelea vizuri, siku ya 4 tunaanza kusema wiki ijayo tutamtoa kwenye mashine, siku ya 5 homa inapanda, makohozi yanageuka rangi, mapafu yanachafuka. Tunaandika nimonia, daktari anabadilisha antibiotiki, tunasubiri. Wengine hatukuwatoa kwenye mashine hiyo wakiwa hai.

Sababu mojawapo ya nimonia ile unaijua hata wewe. Mgonjwa mwenye mrija kooni akilazwa chali kabisa, mate na vitu vya tumboni huteremka kidogo kidogo kandokando ya mrija mpaka kwenye mapafu. Ndiyo maana tunafundishwa kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kama hakuna kinachokataza. Mimi nilifundishwa hivyo tangu diploma. Nilipompelekea msimamizi wangu wazo la tasnifu aliniuliza swali moja tu: mnalijua, je, mnalifanya?

Nikachukua kipimapembe kwenye mkebe wa hisabati wa mwanangu aliyekuwa darasa la sita. Kwa wiki 2, asubuhi, mchana na usiku, nilipima kila kitanda kwenye wodi ile ya vitanda 8. Nakiri kwamba nilikwenda nikitegemea kukuta uzembe. Nilichokuta ni kwamba vitanda 5 mikono yake ya kuzungushia ili kuinua kichwa ilikuwa imekatika. Wauguzi walikuwa wanakunja mablanketi mawili na kuyasukumiza chini ya mto, na baada ya saa moja mgonjwa ameteleza, shingo imejikunja, kifua kimerudi chini. Vitanda 3 vilivyobaki vilikuwa vizima, ila jicho linadanganya: tulichokuwa tukikiita nyuzi 30 kilikuwa 15, wakati mwingine 18. Na mimi mwenyewe, mwenye miaka 12 ya ICU, jicho langu lilinidanganya vilevile.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi hii. Muuguzi bingwa anafanya kazi mahali patatu kwa wakati mmoja: kwa mgonjwa, kwa wauguzi wenzake, na kwenye mfumo wa hospitali yenyewe. Kwa mgonjwa, niliinua kichwa. Kwa wenzangu, tulibandika utepe mwekundu ukutani nyuma ya kila kitanda ili mtu aone mahali godoro linapotakiwa kufika, na kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu tukaongeza swali, kichwa kiko nyuzi ngapi? Kwa mfumo, nilikwenda kwa Metroni, mkuu wa wauguzi, kisha kwa mhasibu, kisha kwa fundi, mpaka mikono 5 ikachomelewa. Kazi yote ilichukua miezi 4, na 3 kati ya hiyo ilikuwa kusubiri saini ya kununua vyuma. Sikuomba mashine mpya wala dawa mpya.

Basi mwambie mumeo hivi: leo nawahudumia wagonjwa wawili wa zamu yangu. Nikimaliza, nitakuwa nawajibika kwa namna wagonjwa wote wa wodi ile wanavyohudumiwa, hata usiku ambao mimi nimelala nyumbani kando yako.

Daktari aliyekuuliza mbele ya wagonjwa alikosa adabu ya kazi, lakini swali lake lina jibu. Ubingwa huu haukuanzishwa na wauguzi waliotaka kuacha uuguzi. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, Marekani, muuguzi aliyeitwa Hildegard Peplau alianzisha mafunzo ya uzamili ya kuwaandaa wauguzi bingwa wa magonjwa ya akili. Alishikilia kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa, jinsi anavyokaa naye na kuzungumza naye, ni sehemu ya tiba na unahitaji kusomewa kwa kina. Alizidi kuingia ndani ya uuguzi. Mwaka 2020 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa mwongozo unaotambua muuguzi bingwa kama mojawapo ya aina kuu za uuguzi wa ngazi ya juu, na kiwango linachopendekeza ni shahada ya uzamili. Kwa hiyo usijibizane naye. Siku utakapomweleza kwa vipimo kwa nini mgonjwa wake wa kitanda namba 3 anashindwa kuachishwa mashine, atakuja kukutafuta yeye.

Sasa wenzako. Wanaokuambia utarudi kwenye dripu zilezile hawasemi uongo mtupu, na hapa nataka unisikilize kwa makini, maana hili liliniuma. Niliporudi na shahada yangu sikurudishwa hata kwenye dripu. Nilipewa meza. Kwa miezi 11 kazi yangu ilikuwa kupanga ratiba za likizo za wauguzi wa hospitali nzima. Hakuna aliyenichukia. Viongozi wangu waliamini kwa moyo mweupe kwamba mtu mwenye uzamili anaheshimiwa kwa kupewa kiti, na mimi kabla ya kuondoka sikuwa nimemwambia yeyote kwamba nasoma ili nirudi kitandani kwa mgonjwa. Niliona wagonjwa wa mashine wakipitishwa kwenye korido nikiwa na rula na karatasi za likizo mkononi. Siku nyingine nilifunga mlango nikalia.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu ya chuo chochote, kaa na Metroni wako na Mganga Mfawidhi. Nenda na ukurasa mmoja, si zaidi. Andika tatizo moja la ICU yenu ulilolichoka, andika utakachosoma, na uombe wakuandikie kwamba ukirudi utapangiwa ICU ukiwa na jukumu la kufundisha na kukagua ubora wa huduma. Hakikisha karatasi hiyo inaingia kwenye faili lako, kwa sababu Metroni anaweza kuhamishwa ukiwa masomoni. Ruhusa ya masomo nayo iwe ya maandishi mkononi kabla hujapanda basi. Nina mwenzangu aliyeondoka kwa ruhusa ya mdomo, na mwezi wa 3 mshahara ukasimama. Alimaliza masomo kwa kufanya zamu za usiku hospitali binafsi, na afya yake haijarudi sawasawa mpaka leo.

Afya ya jamii ni shahada nzuri kwa mtu anayetaka kushughulika na chanjo, maji safi, takwimu za wilaya. Nina rafiki aliyeisoma na anaipenda kama mimi ninavyoipenda ICU. Lakini wewe umeniandikia maneno “kitandani kwa mgonjwa”. Usiende kusoma kitu kingine kwa sababu ya miradi, maana miradi huisha.

Ukiamua, tazama Muhimbili, na kama familia inaruhusu kuvuka mpaka, Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kinafundisha uzamili wa uuguzi wenye mkondo wa wagonjwa mahututi. Kwangu mimi mwaka wa kwanza ulikuwa wa madarasa na wodi, wa pili karibu wote ukaenda kwenye tasnifu. Takwimu zilinitesa. Mtu wa maabara niliyekaa naye dawati moja alinifundisha jioni kwa jioni, nami nikamfundisha kuongea na wagonjwa anaowatoa damu. Ombi la kibali cha maadili cha utafiti peleka mapema kuliko unavyofikiri, kwa sababu likirudishwa na masahihisho, wiki zinakwenda.

Na mtoto wa miaka 3. Mimi wangu wa mwisho nilimwacha Morogoro kwa dada yangu. Alitunzwa vizuri sana. Mwaka wa pili akaacha kuja kwenye simu nikipiga, na ilinichukua muda mrefu kumrudisha kwangu. Nikisema ukweli wangu wote, shahada siijutii, ila hilo nalijutia. Ukipata chumba Magomeni au Kigogo na dada wa kazi unayemwamini, mchukue mdogo uende naye, mkubwa abaki na baba yake shuleni. Bajeti itabana, nalijua hilo, na mpigie hesabu mumeo mapema pamoja na nauli zake za kuja kuwaona.

SWALI: Sista, mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya uuguzi Minneapolis, wodi ya wagonjwa wa moyo. Shahada ya kwanza nimeipata hapa. Kila mtu ananiambia nisome niwe muuguzi mtabibu, lakini mimi navutiwa na hii ya muuguzi bingwa. Tofauti ni nini hasa?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Huko kwenu zote mbili zinahesabiwa katika makundi manne ya uuguzi wa ngazi ya juu, pamoja na wauguzi wa usingizi na wauguzi wakunga. Msingi wa masomo ni mmoja: patofiziolojia (jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili), uchunguzi wa mwili na famakolojia (elimu ya dawa), vyote kwa ngazi ya juu. Muuguzi mtabibu muda wake mwingi anakuwa na wagonjwa wake mwenyewe, anapima, anaandika dawa, mmoja baada ya mwingine. Muuguzi bingwa anamshika mgonjwa mgumu, halafu anageuka kuishika wodi nzima, kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu. Kuhusu kuandika dawa, sheria hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo soma ya jimbo lako kabla ya yote.

Wauguzi watabibu ni wengi mara kadhaa kuliko wauguzi bingwa, ndiyo maana kila mtu anakutuma huko. Fungua matangazo ya kazi ya hospitali zilizo karibu nawe uone ni ngapi zinaajiri mabingwa, na kwa wodi zipi. Kisha jihadhari na jambo moja: si kila shahada ya uzamili ya uuguzi inakuruhusu kufanya mtihani wa kuthibitishwa kuwa bingwa. Ya uongozi au ya ualimu haikufikishi hapo. Kabla hujalipa dola moja, kiulize chuo kwa maandishi kama mkondo wao unatoa angalau saa 500 za mazoezi ya wodini chini ya usimamizi, na unaandaa kwa mtihani upi, wa watu wazima na wazee, watoto, au wachanga. Kwa mtu wa wodi ya moyo kama wewe, mkondo wa watu wazima na wazee ndio unaokufaa.

Kama hospitali yako ina muuguzi bingwa, muombe umfuate siku moja yako ya mapumziko, tangu ripoti ya asubuhi mpaka anapochukua mkoba wake. Ukitoka hapo, niandikie tena.