Kabla hujanunua prosesa ya laptopu yako, soma herufi ya mwisho

Laptopu ya mtumba ikianza kujikokota, usikimbilie dukani. Iache ijikokote hivyo hivyo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha ingia kwenye ukurasa wa utendaji (Performance). Utaona prosesa (inayofanya hesabu zote), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) na diski (ghala la mafaili). Kinachogota asilimia 100 ndicho kinachokuchelewesha. Kwenye laptopu za bei nafuu nilizofungua, mara nyingi huwa ni RAM au diski, na prosesa mara chache sana. Lakini mtu akifika kwa fundi pale Kariakoo, neno la kwanza ni “niwekee i7”, yaani prosesa ya Intel yenye nguvu zaidi, na hela inaishia pasipo na tatizo. Hilo linaniuma, kwa sababu wengi wanaonunua mashine hizi ni wanafunzi na watu wanaoanza biashara.

Anza na RAM. GB 4 siku hizi zinamalizwa na Windows yenyewe pamoja na kivinjari chenye kurasa chache, kisha mashine inaanza kuhamishia kazi kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka ndipo kila kitu kinaganda. GB 8 zinatosha kazi za ofisini na masomo. Mimi nahariri video za harusi, kwa hiyo niliweka GB 16, vipande viwili vya GB 8. Vipande viwili vinavyolingana ni bora kuliko kimoja kikubwa, maana prosesa inavisoma vyote kwa wakati mmoja, na picha za video zinaufaidi mwendo huo.

Soma lebo ya kipande kabla hujalipa. PC3L-12800S ni DDR3L inayotumia volti 1.35, na ndiyo inayotakiwa na laptopu za Intel za kizazi cha nne, yaani zenye namba ya prosesa inayoanza na 4, kama i5-4300M. Ile isiyo na L inatumia volti 1.5 na mashine inaweza kukataa kuwaka. DDR4 haiingii kabisa kwenye nafasi ya DDR3, mkato wake uko pengine. Pia hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Nimekuta laptopu zenye GB 8 ndani lakini zimewekewa Windows ya biti 32, ambayo kwa matumizi ya kawaida haivuki GB 4, na mwenyewe analalamika kwamba RAM aliyouziwa ni mbovu.

Diski nitaisema kwa ufupi tu: kama bado una ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hakuna badiliko lingine utakaloliona upesi kama hilo.

Sasa prosesa. Jina lake linaishia na herufi, na herufi hiyo ndiyo inayokuambia kama safari ipo au haipo. Kwa Intel za kizazi cha pili hadi cha nne, M, QM na MQ mara nyingi hukaa kwenye soketi na zinatoka. U na HQ zimechomelewa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa mashine, na hazibadilishiki. Kuanzia kizazi cha tano, prosesa za Intel za laptopu zote huchomelewa. HP EliteBook 840 G1, ambayo imejaa madukani, ina prosesa ya U: RAM utaongeza, prosesa sahau. Lenovo ThinkPad T440 nayo ni ya U, ilhali T440p, yenye herufi moja tu zaidi, ina soketi.

Yangu ni hiyo T440p. Ilikuja na i5-4300M yenye viini viwili (sehemu zinazofanya kazi sambamba ndani ya prosesa), nikaweka i7-4702MQ yenye viini vinne. Niliichagua kwa sababu zote mbili ni za wati 37, hivyo kipoza joto kilekile kinaimudu. i7-4800MQ ni ya wati 47, ina nguvu zaidi lakini inadai upozaji zaidi. Kutoa video iliyokwisha kuhaririwa kumekuwa kwepesi mno. Kufungua Word hakujabadilika hata kidogo, kwani kazi ya namna hiyo haigawanyiki kwenye viini vingi.

Kama utafanya mwenyewe, sasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) kwanza, kisha toa betri na chaja na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa. Skrubu za kipoza joto zilegeze kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja ukaacha nyingine. Pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza, utaikuta imekauka na kupasuka. Ifute taratibu kwa spiriti, maana kioo cha prosesa za laptopu, kile kipande kinachong'aa katikati, kiko wazi na kinameguka. Kwenye soketi kuna skrubu bapa. Izungushe nusu mzunguko, prosesa italegea na utainyanyua kwa vidole viwili. Mpya ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona, ilinganishe na kona yenye alama kwenye soketi, iachie ikae kwa uzito wake. Ukihisi inabidi kuisukuma, inyanyue uangalie pini kwa chini. Funga skrubu, paka pesti kiasi cha punje ya mchele, rudisha kipoza joto.

Jambo moja la bajeti. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. i7 ya kizazi cha nne haikuvushi hapo, ingawa Linux, mfumo mbadala wa Windows, inakwenda vizuri. Piga hesabu ya RAM, SSD na prosesa kwa pamoja. Jumla ikikaribia bei ya mtumba wa kizazi cha nane, nunua huo.

Ukishawasha, tafuta mdsched kwenye Windows uipime RAM, halafu endesha kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto. Likikaribia nyuzi 100 prosesa inajipunguza mwendo, na hapo unarudi kwenye pesti na vumbi la feni. Fanya vipimo hivi siku ileile uliyonunua, na risiti iwe mfukoni.