Kabla hujawalaumu vijana, hesabu penalti kona

Tuliporudi na timu ya taifa ya vijana ya mpira wa magongo kutoka mashindano ya kimataifa, tulipokelewa kwa kauli za aina mbili. Waliotuonea huruma walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Waliokasirika walisema vijana wa siku hizi hawana moyo. Mimi nilikuwa kocha msaidizi, na kwa siku kadhaa nilikubaliana na wote. Kisha nikajifungia ndani na video za mechi zetu zote, daftari moja na kalamu.

Nawaandikia makocha wenzangu wanaolea timu za umri huu, na wazazi ambao watoto wao wamerudi vichwa chini. Nimeona mara nyingi mno timu ikifungwa, kikao kinaitwa, kocha anaondolewa, na safari inayofuata makosa ni yale yale, kwa sababu hakuna aliyekaa kuangalia timu ilifungwa vipi.

Daftari liliniambia jambo ambalo sikulitegemea. Mpira ukiwa unatembea, vijana wetu walikuwa wakishindana na yeyote. Walikimbia, walinyang'anya, waliingia kwenye duara la wapinzani, yaani eneo lililochorwa mbele ya goli lao. Mechi zilitutoka kwenye penalti kona, zile tulizopata na zile tulizopigiwa.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu vizuri: mlinzi akicheza vibaya ndani ya duara lake, wapinzani hupewa penalti kona. Mmoja wao hutoa mpira kutoka mstari wa goli, angalau mita 10 kutoka kwenye mlingoti, mwenzake anauzuia nje ya duara, na wa tatu anapiga au anauburuta kwa gongo na kuurusha golini. Wanaolinda ni watano tu, kipa akiwemo, na wengine wote wanarudi nyuma ya mstari wa kati. Tangu mpira utolewe mpaka upigwe ni kufumba na kufumbua. Katika muda huo watu watatu wanatakiwa kuwa kama mtu mmoja.

Wetu hawakuwa mtu mmoja. Kuna picha moja kwenye video ambayo nimeirudia mpaka naiona nikifumba macho. Kijana wetu wa kutoa mpira ameinama, mguu mmoja ndani ya uwanja na mwingine nje, vidole vyeupe kwa kulibana gongo. Anautoa vizuri kabisa. Ila uwanja umetoka kumwagiliwa maji, mpira unateleza kwa kasi ambayo mzuiaji hajawahi kuiona, unagonga ncha ya gongo lake na kupotelea pembeni. Mzuiaji anamtazama mtoaji, mtoaji anatazama chini. Mtu wa jukwaani angesema hawajitumi. Mimi najua kwamba wawili wale walikuwa wamefanya mazoezi pamoja kwa siku chache tu, tena kwenye uwanja mkavu wa nyasi bandia za mchanga, kwa sababu kikosi cha mwisho kilitangazwa karibu na safari. Yule mzuiaji aliyekuwa amezoeana na mtoaji huyu aliachwa nyumbani. Nilikuwepo kwenye kikao cha uteuzi. Tulibishana kwa saa nzima kuhusu washambuliaji, na hakuna aliyeuliza nani atazuia mpira wa penalti kona. Nami sikuuliza.

Upande wa kulinda ulikuwa mbaya zaidi. Penalti kona ikitolewa, saa ya mchezo inasimamishwa kwa sekunde 40 ili timu zijipange. Wenzetu walizitumia sekunde hizo kupanga: wewe toka kwa mpigaji, wewe funga mlingoti, wewe kaa kulia kwa kipa. Sisi tulizitumia kutafuta barakoa za kujikinga uso. Zilikuwa zimerundikwa kwenye mfuko mmoja nyuma ya goli, mikanda imefungamana, moja kifungo chake kimekatika. Beki wetu wa kutoka mbio alikuwa bado anavuta mkanda nyuma ya kichwa mpira ulipotolewa. Lile goli tuliandika ni kosa la kipa, na kipa yule alilia usiku. Siku ile ningekuwa na daftari hili, ningemwambia halikuwa lake.

Mtu asidhani nalikuza jambo dogo. Katika fainali ya Kombe la Dunia la vijana wa kiume wasiozidi miaka 21 mwaka 2021, pale Bhubaneswar nchini India, Argentina iliifunga Ujerumani 4-2, na mabao matatu kati ya hayo manne aliyafunga Lautaro Domene kwa penalti kona. Timu inaweza kuzidiwa mpira sehemu kubwa ya mchezo na bado ikashinda kama ina watu watatu wanaojua kazi hiyo.

Yapo mengine, nitayataja kwa ufupi. Tulifika tukiwa tumechoka na safari, miguu ikafunguka mechi ya pili. Kadi nazo zilituumiza: vijana walibishana na waamuzi kama walivyozoea kwenye ligi, ambako mwamuzi hunyamaza. Kule kadi ya kijani ni dakika 2 nje, ya njano si chini ya 5, na robo moja ina dakika 15 tu. Jumlisha kadi mbili au tatu, uone umecheza muda gani mkiwa kumi.

Sasa ushauri wangu, kocha mwenzangu. Kwanza, acha kuweka penalti kona mwisho wa mazoezi. Sisi tulifanya hivyo kwa miaka: wanakimbia, wanacheza, jua linazama, ndipo tunapiga kona chache huku wengine wanavua viatu. Iweke mwanzoni, akili zikiwa safi, halafu irudie tena wakiwa wamechoka, maana kwenye mechi haichagui wakati. Wateue mtoaji, mzuiaji na mpigaji mapema, pamoja na mbadala wa kila mmoja, na uwachukulie kama kundi moja. Ukimwacha mmoja, jua umewavuruga wote watatu. Barakoa kila mmoja awe na yake, yenye alama yake, imetandazwa chini na mkanda umelegezwa tayari. Simama na saa mkononi, uhesabu 40 kwa sauti, mpaka wajipange bila wewe kusema neno. Na kwenye mechi za mazoezi muombe mwamuzi atoe kadi kwa kila ubishi, hata kwa nyota wako.

Kuhusu maji, nilikuwa nikilalamika kwamba hatuna uwanja wa kumwagiliwa. Ni kweli hatuna. Lakini penalti kona haihitaji uwanja mzima, inahitaji njia moja kutoka mstari wa goli mpaka juu ya duara. Tulipoanza kambi mpya, nilikwenda na ndoo nne nikailowesha njia hiyo peke yake. Mpira wa kwanza ulimpita mzuiaji. Wa pili pia. Baada ya dakika kumi hivi akashusha gongo chini zaidi, akalala nalo karibu kugusa nyasi, mpira ukanasa. Akageuka akaniambia, "Mwalimu, ndivyo ulivyokuwa unakuja kule." Yule mtoaji alikuwa ameshachukua ndoo kwenda kuteka maji mengine.