Pakua mjini, ukafundishie kijijini

Wiki iliyopita kijana aliyepangiwa kufundisha Makete aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Shule yetu haina maabara, na mtandao tunaupata mpaka upande mlimani. Hivyo vitu vya mtandaoni unavyovisifia kila siku vitanisaidia nini mimi?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa pabaya.

Mwaka 2019 nilikuwa nafundisha fizikia sekondari moja ya kata huku Rungwe. Niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe juu ya ubao, nikawaita hata walimu wenzangu waje waone. Video ya umeme ikafunguka kidogo, kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nje ukungu umeshuka hadi dirishani, ndani watoto zaidi ya themanini wamekodolea macho shuka. Bando likakata. Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, "Shika chaki, mwalimu." Darasa zima likacheka. Sijaisahau sauti ile, na sioni aibu kusema bado inaniuma.

Kosa langu lilikuwa kuupeleka mtandao darasani. Mtandao ni wa mwalimu anapojiandaa. Tangu hapo nikawa napanda kosta Jumamosi hadi Mbeya mjini, natafuta penye intaneti ya kasi, napakua vya wiki mbili.

Nilianza na PhET, majaribio ya sayansi ya bure ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Jaribio unalihifadhi kama faili moja, nalo linafunguka kwenye kompyuta bila intaneti hata kidogo. Siku ya somo la sakiti, yaani njia anayopita umeme, nilimpa kipanya binti wa Kidato cha Pili ambaye hajawahi kunyoosha mkono. Akaunga balbu ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa mfululizo, zote kwenye njia moja ya umeme. Zote zikafifia. "Mwalimu, zimegawana!" Akazikata nyaya mwenyewe, akaziunga sambamba, kila balbu na njia yake, mwanga ukarudi. Miaka yote niliyoandika kanuni ile ubaoni, hakuna aliyewahi kupiga kelele.

Vitabu vya kiada navyo vipo, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure. Lakini walimu wenzangu, tunapenda video tukasahau kilicho muhimu zaidi: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Zinakuonyesha swali kwa swali watoto waliteleza wapi, hadi majibu yao kwa mwandiko wao. Mwalimu asiyezisoma anafundisha kwa kubahatisha. Zisome kabla hujaandaa somo. Zisome tena kabla ya mtihani.

Basi mdogo wangu, ukishuka Njombe mjini anza na hizo, kisha sakiti. Mtandao ukikusumbua hata huko, nitumie namba yako. Nitakunakilia flashi yangu yote, niipakie basi la Njombe, uipokee stendi.