Maswali ya wakutubi wapya: rejista, rafu na yale maboksi ya msaada

Maswali yamejaa, mengi yametoka kwa watu waliokabidhiwa ufunguo wa maktaba juzi wakaambiwa "utazoea tu". Nimechagua machache. Ya mishahara na vyeo msinitumie, mimi sio utumishi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mkuu wa shule kanipa maktaba bila mafunzo yoyote. Naanzia wapi? (Mwalimu, Singida)

Pole na hongera. Anza na rejista, sio rafu, najua mkono unawasha kupangua kila kitu siku ya kwanza lakini tulia kwanza. Tafuta lile daftari la akseshen namba, yaani namba ya pekee ya kila nakala, linaloonyesha kila nakala iliingia lini, mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka, bei, na kama ilinunuliwa au ililetwa na mtu. Nakala tano za kitabu kimoja zinapata namba tano, sio moja, hapo ndo wengi wanakoroga afu kitabu kikipotea hawajui kimepotea kipi. Daftari halipo? Fungua jipya leo. Ukimaliza piga muhuri ukurasa wa jina na ukurasa mmoja wa ndani ambao mmekubaliana nyie tu, tuseme wa 17, maana mwizi wa kitabu anachana ukurasa wa mbele basi, wa 17 hana habari nao.

Kozi zipo, chuo cha SLADS pale Bagamoyo kinafundisha kazi hii, kwahiyo omba ruhusa kwa maandishi. Ukinyimwa baki na nakala ya barua.

Naweza kupanga vitabu kwa urefu ili rafu ipendeze? (Kahama)

Hapana.

Kitabu chenye namba ya rafuni 496.4 na chenye 496.392, kipi kinatangulia? Mwenzangu anasema 4 ni ndogo kuliko 392. (Mpya kazini, Moshi)

Jamani hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Hizo ni namba za Dewey, ule mpango wa kupanga vitabu kwa mada, na ile nukta ni ya desimali. Husomi "mia tatu tisini na mbili", unasoma tarakimu moja moja baada ya nukta: 3 kwa 4, tatu inatangulia, umemaliza. Kwahiyo 496.392, ambako ndiko vinakaa vitabu vya lugha ya Kiswahili, kinakaa kabla ya 496.4. Namba zikilingana ndo unaangalia herufi za mwandishi zilizo chini yake. Na usione ni jambo dogo, kitabu kikikaa rafu sio yake katalogi inasema kipo, msomaji hakioni, wewe unaapa kimeibiwa, mnanunua kingine.

Halafu ukishangaa mbona Kiswahili kimebanwa humo ndani ya 496 pamoja na lugha kibao za Afrika wakati Kiingereza kina 420 nzima na Kifaransa 440, jibu ni kwamba Melvil Dewey alichapisha huo mpango 1876 huko Marekani akiwaza rafu za kwao. Uislamu nao kapewa 297, Ukristo umejitandaza kuanzia 220 mpaka 280 na kitu, kwahiyo ukifanya kazi Unguja au Tanga utabandika lebo zenye namba ndefu kama treni ya mizigo. Inakera, ila usitunge namba zako kichwani, atakayekuja baada yako atakulaani.

Wafadhili wametuletea maboksi ya vitabu kutoka nje, bosi anataka viingie rafuni vyote kabla ya sherehe ya makabidhiano. Vingine sioni nani atasoma. (Mkutubi msaidizi, Songea)

Dada yangu umeona sawa, bosi ndo haoni. Cha bure ghali. Kila kitabu kinachoingia kinakula namba, lebo, muhuri, nafasi na saa zako, na hizo zote mnalipia nyie, sio aliyefadhili. Nimeona kwa macho yangu maktaba ina mita nzima ya miongozo ya kodi ya Marekani na vitabu vya Windows 98, vimepangwa vizuri kabisa, mgongo unang'aa, kile kikaratasi cha tarehe hakina hata muhuri mmoja wa kuazimwa. Wakati huohuo watoto wanagombania nakala mbili za kitabu cha fizikia. Lakini ripoti ilisema "vitabu vimeongezeka" na picha zikapigwa.

Cha kufanya: andikeni sera ya mkusanyiko, ukurasa mmoja unatosha, iseme tunahudumia nani, tunapokea lugha gani, ngazi gani, chapa ya mwaka gani kuendelea, na kwamba maktaba ina haki ya kukataa. Bosi aisaini. Kuanzia hapo anayetaka kuleta atume listi KABLA ya kupakia kontena, mchague mnachotaka. Mwenye nia njema hatakasirika, na wapo wanaouliza kwanza. Ukiweza mwambie alete hela mnunue vya Taasisi ya Elimu Tanzania na vya wachapishaji wa hapahapa, maana mtaala ulioanza Januari 2024 huo hauko kwenye boksi lolote kutoka ng'ambo.

Hayo yaliyokwishafika, chambua kwanza ndo uandikishe. Ukishakipa namba kimekuwa mali ya umma na kukitoa ni safari nyingine, ona swali linalofuata.

Nikiondoa vitabu vya zamani mkaguzi si atanibana? (Tabora)

Mkaguzi hakubani kwa kuondoa, anakubana kwa kukosa karatasi. Tengeneza listi yenye namba na sababu, pata kibali cha wenye mamlaka, kisha kwenye rejista andika kimefutwa, tarehe, na kumbukumbu ya kibali. Usichome nyuma ya jengo, na usimuuzie mama wa karanga.

Vya kutoa? Atlasi yenye Zaire, jina lililokufa 1997. Ramani isiyo na Katavi, Geita, Njombe na Simiyu, mikoa ya 2012. Na usisubiri hata kesho kwa kitabu cha afya kinachosema mwenye VVU angoje CD4 (zile seli za kinga mwilini) zishuke ndo aanze dawa, Shirika la Afya Duniani lilishasema toka 2015 kila aliyepimwa akakutwa navyo aanze. Hicho kinaua mtu.

Ila umri peke yake sio kosa! Hapa ndo naumia. Watu wanapita rafuni wanatupa kijitabu cha Kiswahili cha miaka ya sitini kwa vile kimechakaa, hakichapwi tena popote, afu wanabakiza ensaiklopidia ya kigeni yenye sayari tisa kwasababu ina jalada gumu. Historia ya eneo lenu, magazeti ya zamani, riwaya na mashairi ya Kiswahili yaliyoisha chapa, hayo weka pembeni, yasiazimwe nje, funga kwenye boksi safi mbali na ukuta wenye unyevu.

Selotepu inafaa kuunga kurasa zilizochanika? (wengi sana)

Hapana!! Inageuka njano, gundi inabaki na karatasi inaoza nayo. Karatasi nyepesi na gundi ya wanga.

Tukifunga Koha (ile programu ya kompyuta ya kuendesha maktaba) matatizo ya rejista yataisha? (Kisumu)

Koha ni bure ila seva, umeme na mtu wa kuitunza sio bure. Na ukiingiza rejista mbovu unapata rejista mbovu inayotafutika haraka. Hesabuni vitabu kwanza, rafu moja moja, bila kufunga maktaba nzima.